Ruzuku ya serikali kwa vituo vya kulelea watoto: tuanze na walezi wa mitaani, hapahapa Dodoma

Mama Wawili (mleta mada), Jumapili saa 3:10 usiku

Wanajamvi, habari za usiku.

Nakaa Nkuhungu, Dodoma. Nina watoto wawili: mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana mwaka mmoja na miezi minne. Nauza duka la vifaa vya ujenzi, duka la mtu, nalipwa 250,000 kwa mwezi. Uzi ni mrefu, mnivumilie, jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu Novemba.

Huyu mdogo nilikuwa namwacha kituo cha mtaani, 1,500 kwa siku, uji humohumo. Namshusha saa 1 asubuhi, namchukua saa 12 jioni. Kila nikimchukua, amelala. Namfunga mgongoni amelala, namwogesha anasinzia, ananyonya kidogo, analala tena mpaka kunakucha. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mtoto anashinda akicheza mpaka anachoka.

Siku moja bosi alipata msiba, tukafunga duka mapema, nikapitia kituoni saa 8 mchana. Nilikuta watoto 23 chumba kimoja, wote wamelala. Wote. Bati halina dari, jua mnalijua, nzi wamewatua midomoni, na nilipousukuma mlango hakugeuka hata mmoja. Dirishani kulikuwa na chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi, na kijiko kimoja cha plastiki kimegandiwa na dawa mpaka kimebadilika rangi.

Yule mama hakubisha. Aliniambia: "Mama, wako 23 na mimi niko peke yangu. Wakianza kulia wote nifanyeje?"

Nilimbeba wangu nikaondoka. Sikwenda kwa mtendaji, sikwenda ustawi wa jamii. Wale 22 walibaki pale sakafuni, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nikatafuta pengine. Kituo kilichosajiliwa, chenye geti na bembea, niliambiwa 130,000 kwa mwezi, hapo bado fomu na sare. Dada wa kazi anataka 80,000, ale, alale, na chumba changu ni kimoja. Kwa hiyo mwanangu yuko Bahi kwa mama yangu. Namwona Jumapili mbili kwa mwezi. Juzi alipoamka usiku alimwita bibi, mimi nikiwa nimelala pembeni yake.

Sasa hoja yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, inampa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Baada ya hapo serikali inakuja kumkumbuka huyu mtoto anapofikia elimu ya awali. Hapo katikati ni miaka, na miaka hiyo kila mama anaijaza anavyojua: kwa bibi, kwa dada mdogo aliyeachishwa masomo, au kwa kijiko cha dawa ya mafua.

Nasema serikali iweke ruzuku hapo. Fedha isipitie mkononi mwangu, kwangu itaishia kwenye kodi ya nyumba. Isianze na majengo pia, tumeshaona majengo mengi yakikosa watu wa kukaa ndani. Iende kwa mlezi wa mtaani: alipiwe msaidizi, apewe unga wa uji, akubali kukaguliwa. Yule mama angekuwa na wenzake wawili, ile chupa isingekuwa dirishani.

Karibuni tujadili. Wenye mawazo tofauti nao nawahitaji.

Mkulima Kibaigwa

Pole sana dada. Mtoto kunyweshwa dawa ili alale ni jambo zito, na kama ulikuwa unasubiri mtu akuambie, mimi nakuambia: kesho nenda ustawi.

Kwenye ruzuku nakupinga. Mimi nalima mahindi na alizeti. Mke wangu saa hizi yuko kwenye palizi na mtoto wetu wa miezi tisa yuko chini ya mti, kwenye kanga, mwenzake wa miaka sita anamfukuzia siafu. Hakuna aliyewahi kutuuliza mtoto wetu anashinda wapi. Lakini kila tukinunua sabuni na nyembe tunalipa VAT ya asilimia 18 kama wewe. Ukitengeneza ruzuku ya vituo, vituo viko wapi? Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Area D. Kodi ya mke wangu inakwenda kumlea mtoto wa mtu wa mjini mwenye mshahara, na wake bado yuko chini ya mti. Hiyo haki iko wapi?

Halafu ruzuku tunazijua. Ya mbolea, mwaka wa kwanza 2022/23, nilijisajili, nikapata namba, nikafika kwa wakala nikaambiwa mzigo umeisha. Wiki mbili nazunguka. Mbolea ikichelewa, mahindi yanadumaa nayaona kwa macho. Mlezi malipo yake yakichelewa miezi mitatu, nani atapika uji?

Baba Ilazo

Mimi naona tatizo ni kila mwanamke kutaka kazi ya kuajiriwa. Mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji mama yake. Serikali ikilipia vituo inawahimiza akina mama waondoke nyumbani. Heri fedha hiyo wapewe akina baba mishahara ya kutosha.

Mama Wawili

Baba Ilazo, baba wa watoto wangu alifariki 2024. Nikikaa nyumbani tunakula nini?

Baba Ilazo

Pole dada yangu. Nisamehe, sikujua hilo. Mungu akutie nguvu.

Mlezi wa Chang'ombe

Mbukwenyi wote.

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni mlezi, nina kituo mtaani huku Chang'ombe mwaka wa sita. Siwapi watoto dawa na sitawapa. Lakini nataka muone namna mtu anavyofika pale, maana mnadhani tunatajirika.

Nina watoto 18, kila mmoja 1,500 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, wote wakilipa, ni 594,000. Chumba na uwanja 80,000. Wasaidizi wawili, kila mmoja 120,000, jumla 240,000. Unga wa uji kilo moja na nusu kila siku, mchanganyiko wa uwele, mahindi na karanga, 99,000 kwa mwezi. Sukari 33,000. Mkaa 45,000. Maji, sabuni na dawa ya choo 30,000. Jumla 527,000. Kinachobaki ni 67,000, na huo ndio mshahara wangu wa kuamka saa 10 alfajiri.

Lakini hawalipi wote. Kila mwezi wapo wanne hivi ambao mama zao wananiambia "mama nivumilie". Hao ni 132,000. Kwa hiyo mwezi wa kawaida nina hasara ya 65,000, naijazia kwa kuuza maandazi. Mwenzangu asiye na maandazi anafanya nini? Anawaondoa wasaidizi. Akishawaondoa anaongeza watoto ili alipe kodi. Mchana wakilia wote kwa pamoja, anakaa na akili yake peke yake. Simtetei. Nawaeleza njia aliyopita.

Nimepiga hesabu upande wa pili pia. Serikali ikinilipia wale wasaidizi wawili na unga, ni 339,000. Ukigawa kwa watoto 18 ni kama 19,000 kwa mtoto kwa mwezi. Hapo ningeshusha ada kutoka 1,500 hadi 900, kodi na mkaa nikalipa, na mimi nikabaki na 168,000. Na yule mama wa "nivumilie" 900 anaiweza.

Usajili ninautaka, sheria ninaijua: Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe. Nilikwenda kuuliza. Uzio, vyoo vya watoto, mlezi mwenye cheti cha malezi, vyumba vya umri tofauti. Yote ni ya maana, hakuna hata moja la uonevu. Ila niambieni, uzio wa tofali unajengwa na hasara ya 65,000?

Msomaji Iyumbu

Mlezi, asante kwa hesabu. Hizi ndizo zinazokosekana kwenye mijadala yetu.

Niongeze yaliyowakuta waliotangulia, maana wapo walioanza zamani. Jimbo la Quebec, Kanada, mwaka 1997 lilianzisha malezi ya dola 5 kwa siku, tajiri na maskini bei moja. Akina mama waliingia kazini kwa wingi, hilo halibishaniwi. Lakini wachumi watatu, Baker, Gruber na Milligan, walipowafuatilia watoto waliona dalili mbaya: wasiwasi na ugomvi kwa watoto vilipanda. Wapinzani wa ruzuku wananukuu hilo kila siku. Watetezi wanajibu kwamba nafasi zilipanuliwa haraka mno, ubora ukaachwa nyuma, na kwamba waliokaa kwenye vituo vizuri walinufaika. Mimi nakubaliana na hawa wa pili, ila onyo la wa kwanza nalibeba: ukishusha bei bila kuongeza walezi, unajaza chumba tu. Sisi tulishaliona 2016 elimu bila ada ilipoanza. Watoto walikuja, ikawa neema, na madarasa ya awali na la kwanza yakafurika.

Kanada nzima ilifuata 2021, ikatenga dola bilioni 30 kwa miaka mitano ili bei ifike wastani wa dola 10 kwa siku. Bei imeshuka kweli, ila foleni za kungoja nafasi ni ndefu kwa sababu walezi hawatoshi na mishahara yao ni midogo. Uingereza nako, serikali inawalipia wazazi wenye kazi saa 30 za malezi ya mtoto kwa wiki, na tangu Septemba 2025 mtoto anaanza na miezi 9. Malalamiko ya wenye vituo ni kwamba kiwango wanacholipwa hakifiki gharama, wengine wanafunga. Kote huko mgogoro unarudi kwa mtu mmoja, mlezi na mshahara wake. Mama Wawili amelisema hilo bila kufika Quebec.

Na kwa wanaosema ni mambo ya nchi tajiri: Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa akina mama vocha za kulipia vituo vya mtaani, vilevile vya mabati. Matokeo yalichapishwa 2019. Waliopewa vocha, uwezekano wao wa kuwa na kazi ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia kuliko wasiopewa. Na akina mama wanaolea peke yao walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka, kwa sababu sasa waliweza kuchagua kazi ya mchana badala ya vibarua vya usiku na vya kubahatisha.

Binti Chemba

Naandika kwa mara ya kwanza humu.

Nilikuwa darasa la tano, nina miaka 11. Mama alijifungua Novemba, mvua zikaanza Desemba. Januari shule zilipofunguliwa sikwenda. Nilikaa na mdogo wangu nyumbani, nikambeba, nikampikia uji, akiharisha nikamchemshia maji na chumvi na sukari kama nilivyofundishwa darasani, hilo nalikumbuka vizuri. Nilirudi shule Aprili. Mwalimu alikuwa amefika sehemu na desimali na mimi sikujua yalikotoka. Hesabu ilinishinda tangu mwaka ule mpaka kidato cha nne.

Mdogo wangu leo yuko chuo. Nampenda, na sijutii kumbeba. Lakini mkihesabu gharama ya ruzuku, hesabuni na ile tunayolipa sasa bila kuiona. Mlezi wa mtoto wa mkulima yupo, Mkulima Kibaigwa. Ni yule wako wa miaka sita anayefukuza siafu. Mwakani anatakiwa darasa la kwanza.

Mkulima Kibaigwa

Nimesoma, dada. Nimenyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mwakani ndiyo. Na msimu unaanza Desemba kama kawaida.

Nyanya Majengo

Mimi nauza nyanya soko la Majengo. Naomba na saa zifikiriwe. Mzigo wa Iringa unashuka saa 10 alfajiri, usipokuwepo unachukua masalia. Kituo kinafungua saa 1. Mwanangu nilimlea kwenye kreti ya nyanya chini ya meza, nimeitandika gunia na kanga, mpaka alipoanza kutembea akawa anatoka kwenda barabarani kwenye bajaji. Kila soko linajengwa na choo, na geti la ushuru, na ofisi ya meneja. Chumba cha watoto hakuna. Nalipa ushuru kila siku, naomba chumba kimoja.

Mstaafu Singida

Salaam wanangu. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii kwa muda mrefu, sasa nafuga kuku wangu hapa Singida. Niseme machache kuhusu namna serikali inavyofanya kazi, kwa sababu ombi likienda mlango usio wake linarudi.

Kwanza, hili jambo halianzi sifuri. Ipo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile PJT-MMMAM. Ilipangwa 2021/22 hadi 2025/26, inagusa watoto kuanzia mimba hadi miaka minane. Muda wake unafika ukingoni, na sasa ndipo pa kusema inayofuata iwe na nini. Mimi ningedai kifungu cha kumlipa mlezi. Mafunzo na vipeperushi vimeshatolewa. Mlezi aliyefunzwa anarudi kwenye hasara yake ya 65,000.

Pili, uji. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ni fedha kidogo, haifiki kulisha mtu mwaka mzima, lakini kifungu kipo na kinakaguliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa umri huo wamedumaa. Mtoto anayeshinda kwa Mlezi wa Chang'ombe siku tano kwa wiki anakunywa pale uji mwingi kuliko nyumbani. Afisa lishe anayetafuta watoto wa kuwafikia, wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Tatu, tafadhali msikubali kujibiwa kwa mikopo ya asilimia 10, ile inayotengwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mtaambiwa "walezi waunde kikundi wakope". Ile asilimia 4 ya wanawake ni mkopo, hauna riba lakini unarejeshwa. Biashara inayobaki na 67,000 mwezi mzuri haina cha kurejesha, mtawaingiza akina mama kwenye deni.

Na onyo moja, Mama Wawili. Ukisema ruzuku iende kwa vituo vilivyosajiliwa tu, utawapa wale wa 130,000 wenye bembea. Ukisema iende kwa wote bila masharti, utamlipa na yule wa kijiko. Panahitajika ngazi katikati: usajili wa awali wa mwaka mmoja au miwili, mlezi anaandikwa, anatembelewa kila mwezi bila taarifa, idadi ya watoto kwa kila mlezi inawekewa kikomo, na ruzuku inaanza hapo ili imsaidie kufikia usajili kamili. Bila ngazi hiyo mtafunga vituo vya maskini na kuwabakiza watoto ndani ya vyumba vilivyofungwa kwa kufuli. Nimewahi kuitwa kwenye moto wa chumba cha namna hiyo. Sitaeleza zaidi.

Msomaji Iyumbu

Shikamoo mzee. Kwa hesabu ya Mlezi, ruzuku ya mtoto mmoja ni 226,000 kwa mwaka. Jiji la Dodoma lina kata 41. Tukianza na kituo kimoja kila kata, watoto 18 kila kituo, ni watoto 738 na kama milioni 167 kwa mwaka. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda, serikali ilitoa bilioni 100 kwa mwezi kushusha bei ya petroli na dizeli. Ilikuwa sawa, nauli zingetuua. Naitaja ili mtu asiseme ruzuku ni neno geni Hazina.

Mkulima Kibaigwa

Marahaba hesabu, lakini kata 41 za jiji ni zilezile za mjini nilizosema. Mkoa huu una watu 3,085,625 kwa sensa ya 2022, na jiji ni 765,179. Wengine wote wako Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba, Kondoa, Chamwino. Nipeni kituo cha msimu. Sihitaji mwaka mzima. Desemba hadi Aprili, palizi ikiisha tunafunga. Mlezi awe mwanamke wa kitongoji chetu, alipwe miezi mitano. Darasa la shule ya Jumapili linakaa bure siku sita kwa wiki, tungelitumia hilo. Hapo nitaitetea ruzuku yenu mpaka kwa diwani.

Mama Wawili, Jumatano saa 4:05 usiku

Mkulima, nakubali. Nilikuwa nimeangalia mtaa wangu tu. Kituo cha msimu kiingie, na chumba cha soko cha Nyanya Majengo kiingie, na ule usajili wa awali wa mzee wetu. Mzee shikamoo, na asante. Mimi nilidhani ni lipa au usilipe.

Binti Chemba, nimesoma maneno yako mara nyingi. Mdogo wa mama yangu anayenisaidia kumlea mwanangu Bahi ana miaka 12. Sikuwa nimemhesabu. Nimempigia mama jioni hii kuuliza kama anakwenda shule kila siku. Mama alisita kabla ya kujibu.

Na jana nilikwenda ustawi. Nilimweleza afisa kila kitu, chumba, chupa, kijiko. Alinisikiliza vizuri, akaandika. Nilimwomba asifunge tu, nikamweleza kuhusu wasaidizi, kuhusu hesabu za Mlezi, nilikuwa nimezinakili kwenye karatasi. Akaniambia, "Mama, ninachoweza kuandika hapa ni kufunga au kutofunga. Fungu la kusaidia sina." Hakusema kwa ubaya. Alinionyesha fomu.

Leo asubuhi wamekifunga. Nilipita saa 1 kasoro nikienda dukani. Akina mama kama kumi wamesimama nje na watoto mgongoni, wanasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mmoja alikuwa na sare ya ulinzi, zamu yake inaanza saa 1. Alikuwa anapiga simu, anasubiri, anapiga tena. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyekwenda. Nilishindwa. Nilimwandikia namba ya Mlezi wa Chang'ombe kwenye kiganja, alinipa ruhusa ya kuitoa.

Kufunga ilikuwa lazima, hilo nitalisimamia popote. Wale watoto wasingeendelea kunyweshwa dawa hata siku moja zaidi. Lakini serikali iliyokuja na karatasi ya kufunga ingekuja na mlezi mmoja wa kushika wale watoto 22 kuanzia saa 1 ile. Bajeti ya jiji inapita kwa madiwani kabla ya Bunge la Aprili. Nimechapisha hesabu za humu kurasa mbili, Ijumaa nampelekea diwani wetu wa Nkuhungu. Mkulima, ya kwako nimeiweka ukurasa wa kwanza.

Mkulima Kibaigwa

Nitumie hizo kurasa. Na mimi nina diwani.

Mlezi wa Chang'ombe

Yule mama wa ulinzi alifika, na wengine watatu. Nimewapokea wote wanne, sikuweza kuwarudisha. Mmoja, wa miezi kumi, alilala mpaka saa 9 alasiri bila kupewa chochote. Nikawa nakaa pale namsikiliza pumzi. Nadhani mwili wake umezoea. Alipoamka alilia saa nzima, kilio kikubwa cha kawaida, na msaidizi wangu mmoja alimbeba uwanjani akizunguka naye mpaka akanyamaza.

Sasa ninao 22. Wasaidizi ni walewale wawili. Unga wa kesho upo, wa Ijumaa bado.